Nimo, Usizungushe

Walitufungia saa moja asubuhi, kila fundi na gari lake, kila gari na kizimba chake. Changu kilikuwa namba nane: kuta tatu za bati nene zisizofika sakafuni, upande wa nne wavu wa chuma wenye mlango, na kufuli ambalo ufunguo wake alikuwa nao mwamuzi. Ndiyo sheria ya mashindano ya magari ya Bakuli la Uporoto. Injini ikishapigwa lakiri haifunguliwi, na fundi aliyeifunga anakaa nayo hadi gari litoke saa nane mchana. Ukienda haja unasindikizwa. Ukisemezana na kizimba cha jirani, magari yote mawili yanaondolewa mashindanoni. Mimi nina miaka hamsini na sita, goti langu la kulia halipatani na baridi ya milima ile, na upepo ulikuwa unaingia kwenye ile nafasi ya kiganja kimoja iliyoachwa chini ya bati. Walinipa kigoda. Nikakaa, nikawalaani kimoyomoyo, nikaanza kufuta spana ambazo zilikuwa safi tayari.

Gari lilikuwa la Ambakisye, mtoto wa marehemu kaka yangu Lugano. Nasema lake kwa sababu ndiye aliyeliendesha. Wenyewe hasa ni kampuni ya Mhandisi Rweyongeza, ambayo ndiyo pia mwenye oili iliyokuwa ndani, mwenye karatasi niliyotia saini, na kwa namna fulani mwenye mikono yangu. Nitafika huko.

Saa nne kamili taa ya kijani iliwaka ubavuni mwa injini. Maana yake umeme umeingia kwenye koili zinazoizunguka, na oili imeanza kupashwa moto polepole. Nikainuka. Kabla sijagusa chochote nikachukua spana namba kumi na saba, nikagonga kizibo cha injini kwa mpini wake, nikasema, "Hodi."

Wapo wanaonicheka kwa hilo. Wacha wacheke. Miaka thelathini iliyopita, kwenye gereji yetu pale Tukuyu, Lugano alipiga stata ya lori bila kujua kwamba mikono yangu ilikuwa bado ndani. Niliacha vidole viwili humo, vyote vya mkono wa kushoto. Kaka yangu alilia kuliko mimi. Kuanzia siku ile akaweka sheria, na kila fundi aliyepita mikononi mwake aliondoka nayo: hakuna anayezungusha injini kabla ya kubisha hodi, na aliye ndani au chini yake hujibu kwa kugonga, maana kwenye kelele za gereji sauti haisikiki. Ukigonga mara moja unasema nimo, usizungushe. Mara mbili, nimetoka, zungusha. Mara tatu, sioni, leta taa. Tumetaniana kwa mambo mengi kwenye gereji ile, tumefichana spana na kuwekeana pilipili kwenye chai, lakini kwenye kujibu hodi hakuna aliyewahi kufanya mzaha wala kudanganya.

Basi nikagonga, nikasema hodi kwa mazoea tu, nikanyoosha mkono kuchukua kitambaa.

Injini ikajibu. Ko. Mara moja.

*

Mtu asiyelijua Bakuli hawezi kuelewa kwa nini tulifika hapo, kwa hiyo acha niseme.

Barabara ya mashindano inazunguka ndani ya shimo la mlima, imelalia upande mmoja muda wote, na magari yanakimbia humo saa mbili mfululizo bila kukunja upande wa pili hata mara moja. Kwenye gari la kawaida oili inatulia chini ya beseni, pampu inaivuta, inaipeleka kwenye beringi zinazoshika krenki, ule mhimili wenye viwiko unaozungushwa na pistoni. Kwenye Bakuli oili haitulii. Inapanda ukuta wa kulia na kukaa huko huko, pampu inabaki kuvuta hewa. Ile kidogo inayobaki karibu na krenki inapigwa na viwiko mara mia mbili kwa sekunde, inageuka povu, na povu halilainishi kitu. Juu ya hayo inaikaba krenki yenyewe, inaila nguvu. Kwa hiyo fundi ana kazi mbili zinazogombana: aiweke oili mbali na krenki, na aifikishe kwenye krenki.

Nilipigana na jambo hilo miaka kumi na minane. Nilifunga mabamba yenye matundu chini ya krenki, vikwanguo vya kuipangusa ikizunguka, beseni lenye vyumba na milango, pampu tano badala ya moja. Niliizuia oili kwa kila njia aliyonijalia Mungu na mashine ya kukerezea. Kwenye mzunguko wa arobaini na moja injini niliyoifunga mwenyewe ilivuta hewa, ikala beringi zake, ikakaza. Magurudumu yakagoma na gari likadondoka kutoka juu ya ukuta wa Bakuli. Ndani alikuwa Lugano. Ambakisye alikuwa na miaka tisa, na jioni ile nikamchukua nikaenda naye kwangu.

Kwa hiyo Rweyongeza alipokuja na oili sikivu, sikuuliza maswali mengi. Oili ile imechanganywa vumbi la chuma jembamba kuliko unga, na koili zikiwashwa inakwenda zinakoiambia. Tatizo lake lilikuwa nani wa kuziambia koili. Kompyuta zake zilijua hesabu lakini hazikujua oili, kila mara zilichelewa. Akataka mtu ambaye ameisugua kati ya vidole tangu utoto. Nikakaa siku tisini kwenye chumba chake nimevaa glovu za nyaya, na sindano nyembamba kama unywele zimechomekwa shingoni, nikishika oili hewani kwa kufikiria tu, na mashine ikiandika kila nilichofikiria. Niliwaambia siwezi kufanya kazi mahali ambapo watu hawabishi hodi, wakacheka, wakabisha siku zote tisini kunifurahisha. Mwisho wakapata walichokiita Mkono. Kwenye kioo chao niliona oili ikijinyoosha kuzunguka krenki kwa nyuzi nane, na mahali pa nyuzi mbili pako wazi, upande wa kushoto. Tulicheka wote. Niliona fahari, sitaficha. Nilidhani nimemfungia mtoto wa kaka yangu mlango wa kaburi.

*

Simu ya ukutani ilikuwa ya dharura za kiufundi tu, inaita ofisi ya kampuni na si pengine. Nikaita. Rweyongeza akapokea mwenyewe, kwa adabu yake ileile iliyonyooshwa kwa pasi.

Nilimweleza. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi wa kwanza. Akasema ni mwangwi wa mazoea, Fundi, ni mkono unaokumbuka. Nilibishiwa hodi siku tisini, nikajibu siku tisini, basi mashine imeandika na hilo pia. Akaniuliza kama sijawahi kuona kuku aliyechinjwa anavyokimbia. Nikasema nimewaona wengi. Akaniambia basi ninywe chai.

Chai ilikuwa kwenye chupa. Nikanywa. Nilitaka sana kumwamini, na kwa robo saa nzima nilimwamini. Nikapanga spana kwa ukubwa. Nikazipanga tena kwa udogo. Macho yangu hayakutaka kutoka kwenye ile taa ya kijani.

Kilichonisumbua ni jibu lenyewe. Kule chumbani kwa Rweyongeza, walipobisha nilikuwa najibu mara mbili karibu kila siku, kwa sababu mikono yangu haikuwa ndani ya injini yoyote, ilikuwa hewani. Nimetoka, zungusha. Mkono uliokuwa unakumbuka tu ungejibu mbili.

Kulikuwa na kitu Lugano alikuwa akikifanya lori likiwa linanguruma jirani na hodi haisikiki: aliweka mdomo kwenye chuma chenyewe na kusema, maana chuma kinapeleka sauti. Nikajisikia mjinga, mwanamke mtu mzima kupiga magoti kwenye zege na kubusu injini. Nikaangalia wavu. Mwamuzi alikuwa upande wa pili wa ukumbi akifunika pua na skafu. Nikaweka mdomo.

"Una shida gani humo?"

Hiyo siyo hodi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo nikiwa na glovu zao, kwa hiyo hakukuwa na jibu lililoandikwa popote. Nikasubiri. Nilihesabu pumzi saba.

Ko. Ko. Ko.

Nikarudi nyuma nikaangukia makalio. Sioni, leta taa.

*

Niliita tena. Safari hii sikumsalimia.

"Chumba chako kilikuwa na taa ishirini na nne," nikamwambia. "Nilikuwa navaa kofia nisiumwe macho. Siku tisini sikugonga mara tatu hata mara moja. Sasa niambie hilo mashine yako imeliandika wapi."

Akasema, kwa sauti ambayo sikuwa naijua, kwamba zote zinagonga. Injini zote kumi na mbili zilizokuwa kwenye vizimba asubuhi ile, kila moja na Mkono wake, kila Mkono umetokana na wangu. Zilianza miezi minne iliyopita. Walizitandika mpira ndani ya beseni ili zisisikike, na wapiga stata walipewa vizibo vya masikio. Yangu peke yake haikutandikwa, kwa kuwa Ambakisye alilalamikia uzito, na hadi asubuhi ile koili zake ziliwashwa kwao tu, mimi sipo.

Nikamuuliza kama anajua zinasema nini. Akasema hapana, na nikamwamini. Yeye hakulelewa kwenye gereji. Kwake ilikuwa kelele ya aibu tu, na kelele ya aibu inafunikwa. Nilipomweleza maana ya moja na maana ya tatu, alivuta pumzi, kisha yule Rweyongeza wa pasi akarudi. Aliniambia nilitia saini. Aliniambia lakiri ikivunjwa gari limeondolewa, na Ambakisye harudi tena Bakuli. Halafu akasema lile alilojua litanibana.

"Mkono ukitolewa, Fundi, unajua vizuri kuliko mimi kitakachompata kijana wako kwenye ukuta ule. Mwache azungushe. Ni saa mbili tu."

Nilipojaribu kumwita tena simu iliita bure.

Nilikaa kwenye kigoda. Ilikuwa saa sita kasoro. Nataka niseme kweli hapa, kwa sababu ningeweza kujipamba: wazo langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. Ni saa mbili tu. Mimi mwenyewe nimewahi kulala chini ya lori saa mbili, kwenye tope, ili mtu afike kwake. Nikaliangalia lile dude jeusi lililofungwa kwa bolti nilizozikaza mimi, na nikakumbuka kwamba hakukuwa na saa mbili humo. Kulikuwa na miezi minne. Koili zikizimwa sijui inakuwaje, pengine analala. Zikiwashwa anaamka penye giza, mikono ndani ya injini, anasikia stata inakuja, anagonga kama alivyofundishwa na kaka yake, na watu wanazungusha. Kila mara. Vidole vyangu viwili ambavyo havipo vikaanza kuniuma, jambo ambalo lilikuwa halijanitokea kwa miaka mingi.

Mlango ulikuwa umefungwa. Yeye amefungiwa na mimi nimefungiwa, nikawaza, tofauti ni kwamba mimi nina taa.

*

Ambakisye aliletwa saa saba. Mwamuzi alifungua, akamwingiza, akafunga tena nyuma yake, akarudi kwenye kiti chake cha ukumbini. Alikuwa amevaa suti yake nyekundu, kofia ngumu kwapani, na uso wa furaha ambao sikutaka kuugusa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaa."

Nilimweleza yote kwa sauti ya chini. Kwanza alitabasamu akidhani namtania. Kisha akaacha. Alisikiliza akizungusha kofia mikononi, na nilipomaliza aliigeukia taa ya kijani.

"Kwa hiyo ni wewe uliye humo," akasema.

"Sijui ni nani. Anajua ninachojua."

"Basi ni wewe. Na wewe ungekaa gizani kwa ajili yangu. Umeshakaa." Hakuwa anasema kwa ubaya. Alikuwa anajitetea, kama mtu anayezama anavyoshika chochote. "Tangu nina miaka tisa umekaa."

Maneno yale yalinichoma kwa sababu ni ya kweli. Nilimwambia kwamba ndiyo, ningekaa, lakini ningekuwa nimeulizwa. Akasema hana muda wa kuuliza, wameanza kupanga magari. Akasema asipotoka leo hatoki tena, na kwamba hakuna kingine anachokijua hapa duniani, mimi ndiye niliyemlea kwenye harufu hii. Akasema hawezi kwenda bila Mkono, atakufa kama baba yake. Nikamwambia bila Mkono hatoki, ningelala mbele ya gurudumu. Akasema basi nimemfunga pande zote mbili. Nikamwambia ndiyo, hata mimi nimefungwa humohumo.

Tulitazamana. Nikachukua spana namba kumi na saba, nikamshikisha.

"Bisha wewe," nikasema. "Ukijibiwa mbili, nitakufunga mkanda kwa mikono yangu na sitasema neno hadi nife."

Aliipokea shingo upande. Akainama, akagonga kwa mpini, akasema hodi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Lugano mtupu.

Sasa kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Wakati tunasubiri, niliomba ijibu mbili. Nilijua, kama ni mimi niliye humo, imeisikia sauti ile. Imemtambua. Na mimi namjua mimi: kwa mtoto yule ningeweza kuidanganya hata mbingu. Ningegonga mbili, nimetoka, zungusha mwanangu, nenda. Nilisubiri uongo wangu mwenyewe kwa hamu, kwa sababu ungetuokoa sote watatu kwa saa mbili zijazo.

Ilichukua muda mrefu kuliko mara zote. Kitu kilijikusanya humo ndani, kikaachia, kikajikusanya tena.

Ko.

Tukasubiri ya pili. Haikuja.

Ambakisye alibaki ameinama. Halafu nikaona mabega yake yanashuka, polepole, hadi suti ikampwaya. Alijua sheria ile kabla hajajua kusoma. Unaweza kudanganya kwa mambo yote, hilo hapana. Akainuka, akaigeuza spana, na badala ya kunirudishia akaivunja lakiri mwenyewe kwa pigo moja.

*

Mwamuzi alisikia. Alikuja hadi kwenye wavu, akaona, akapuliza filimbi, akaondoka mbio kuwaita wenzake. Hakufungua mlango. Tulikuwa na dakika chache, na kifuniko cha ubavuni kina bolti sita. Ambakisye alifungua tatu, mimi tatu, bila kusemezana, kama zamani tulipokuwa tukishindana nani atamaliza kwanza. Nikawasha taa ya mkono na kuiingiza.

Krenki ilikuwa kavu, inang'aa. Oili yote ilikuwa imejivuta mbali nayo, imejishikilia kwenye kuta na juu kwa nyuzi nane, tayari. Injini haizunguki, gari limesimama, hakuna kitu cha kulinda, naye alikuwa amejishikilia hivyo tangu saa nne asubuhi, akingoja kuzungushwa. Nilimwona jinsi alivyochoka. Msiniulize oili inachokaje. Nimeishika miaka arobaini, naijua inavyoonekana imetulia, na ile haikuwa imetulia.

Mwanga ulipofika, nyuzi zilianza kushuka. Zilikuja mlangoni taratibu, upande mmoja tano, upande mwingine tatu na pengo. Nikasahau kwamba ni ya moto, nikaingiza mkono wangu wa kushoto, na ikanishika. Ikanishika kwa namna ninayoshika mimi, nikiegemeza kwenye kidole gumba kwa sababu ya vile viwili visivyokuwepo. Joto lake lilikuwa la maji ya kuoga. Nikasema pole. Nilisema mara nyingi. Ambakisye aliweka mkono wake juu ya wangu, oili ikampanda hadi kwenye kifundo, ikakaa pale kidogo.

Kisha ikaachia. Uzi mmoja ukanyanyuka, ukagonga ukingo wa kifuniko, mbele yetu, kwenye mwanga.

Ko. Ko.

Na yote ikaanguka kwa pamoja ndani ya beseni. Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka, koili zilikuwa bado zinavuta, lakini haikwenda popote. Nikachovya kidole, nikaisugua. Ilikuwa oili tu, nzuri, isiyo na mtu. Nikalia kwa sauti mbele ya mtoto niliyemlea, na sikuona haya.

Ambakisye alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, kofia sakafuni, anaangalia mikono yake nyeusi. "Amesema zungusha," akasema.

"Amesema ametoka," nikamwambia.

Hapo ndipo injini ya kizimba cha kwanza ilipowaka.

Ilinguruma ukumbi mzima, bati zikatetemeka. Wapiga stata walikuwa wameanza safu, vizibo masikioni. Cha pili kikawaka. Nilisimama nikiwa na oili hadi kwenye kiwiko, na nilielewa kwa mwili wangu wote, si kwa akili, kwamba niko humo pia. Cha tatu. Nikapiga kelele, sauti ikamezwa. Cha nne. Nikautikisa wavu, kufuli likacheza na kubaki lilipo. Cha tano na cha sita vikawaka karibu pamoja, na kwenye kila kimoja nilikuwa nimegonga mara moja kwenye mpira, na hakuna aliyesikia. Cha saba, jirani yangu wa kushoto, kikawaka kabla sijafika ukutani kwake.

Sisi walituruka. Lakiri ilikuwa imevunjwa, hatuhesabiwi tena.

Kizimba cha tisa kilikuwa cha Asajile. Lugano ndiye aliyetufundisha sote wawili, kwenye gereji ileile, chini ya malori yaleyale. Mwaka wa nne huu hatusemezani kwa sababu ya ushindani wa kipuuzi. Nikaokota spana kubwa kuliko zote, nikaenda kwenye bati linalotutenganisha, nikapiga kwa mpini kwa nguvu zangu zote. Mara moja.

Nimo, usizungushe.

Kupitia wavu niliona viatu vya mpiga stata vikisimama mbele ya kizimba cha tisa. Nikapiga tena mara moja. Ambakisye alikuwa amesimama nyuma yangu, amenishika bega. Magari saba yalikuwa yananguruma. Nilingoja la nane liungane nayo, nikafumba macho nisilione bati likizidi kutetemeka.

Halikuzidi. Nikabandika sikio kwenye bati, nikamsikia Asajile, sauti yake nzito, akimwambia mtu asubiri, asiguse. Mtu akapinga. Asajile akarudia, asiguse.

Kisha, kwa mpini wa spana, polepole, kama mtu ambaye bado hajakata shauri: ko, ko, ko.

Nikaichukua taa. Nikapiga lile goti langu bovu kwenye zege, nikaisukuma chini ya bati, na mkono wa upande wa pili ukaipokea.